Tishu Inayosafiri: Hadubini katika Maziwa Makuu Tangu 1901

Minova ni mji mdogo wa wilaya ya Kalehe, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Kivu, karibu kabisa na mpaka wa Kivu ya Kaskazini. Barabara ya Goma na Bukavu inapita hapo, na mbele yake ziwani kimelala kisiwa cha Idjwi. Katika mji wa namna hii hadubini ya kawaida hujibu maswali mengi: vimelea vya malaria huonekana ndani ya tone la damu, vijidudu vya kifua kikuu ndani ya makohozi, alimradi awepo mtu aliyefunzwa, rangi ya kupakia na mwanga. Lakini daktari akitoa uvimbe kwenye titi la mama au kwenye taya ya mtoto, hadubini hiyohiyo haina la kusema. Kipande hicho cha nyama lazima kilowekwe kwenye fomalini, kipelekwe mji mkubwa, kikaushwe maji kwa alkoholi, alkoholi nayo iondolewe kwa zailini, kigandishwe ndani ya nta, kikatwe vipande vyenye unene wa sehemu chache za elfu za milimita, kipakwe rangi, ndipo kisomwe na mmoja wa madaktari wachache wa patholojia walioko. Kila hatua inadai kemikali, fundi na siku zake. Na zote zinategemea njia ipitike. Januari 2025 waasi wa M23 walipoiteka Minova, na siku chache baadaye Goma, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na kila kilichozoea kupitia hapo kikalazimika kutafuta njia nyingine.

Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba historia ya hadubini katika Maziwa Makuu, kwa zaidi ya karne moja, imekuwa historia ya tishu kusafiri kulifuata jicho. Safari hiyo ilichelewesha majibu, na zaidi ya hapo iliamua ni majibu gani yanayoweza kupatikana na ni nani atakayeyapata kwanza. Sasa kuna aina ya hadubini inayotumia leza, ile inayofuata kanuni za mwanga usio wa mstari, ambayo imeondoa sababu kubwa ya kiufundi ya safari hiyo. Sababu zilizobaki si za fizikia, na hazipaswi kuendelea kujificha nyuma ya fizikia.

Mwanzoni mambo yalikuwa kinyume: jicho ndilo lililosafiri. Mwaka 1901, katika hospitali ya Mengo, Kampala, madaktari ndugu Albert na Jack Cook walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Ugonjwa huo ungeua watu wanaokadiriwa kufika robo milioni kwenye mwambao wa Nyanza na Busoga. Tume kutoka London iliwasili Entebbe mwaka 1902, na mwishoni mwa mwaka huo Aldo Castellani akaona vimelea vya tripanosoma ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Upande wa Kongo, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd wa shule ya tiba ya Liverpool walizunguka kuanzia 1903 wakipapasa tezi za shingo za wanakijiji, wakizichoma sindano na kukitazama kimiminika chake. Dutton alifia Kasongo, Maniema, Februari 1905, kwa homa ya papasi, ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza. Robert Koch naye aliweka kambi visiwa vya Sese mwaka 1906. Watu hawa walifanya kazi kwa hadubini ya shaba na kioo kidogo cha kuelekeza mwanga wa jua, pengine chini ya turubai, na majibu yalipatikana palepale mgonjwa alipo.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu damu, maji ya mgongo na majimaji ya tezi ni vitu vyepesi: ukivitandaza juu ya kioo, mwanga hupita moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Nyama haiko hivyo. Ini, misuli au ngozi hutawanya mwanga kila upande, hata ukilenga ndani yake unapata weupe mtupu uliovurugika. Suluhisho la karne ya 19 lilikuwa kuifanya nyama iwe nyembamba kwa kisu, na ili kisu kisiiparue, nyama lazima iwe ngumu, na ili iwe ngumu lazima iingizwe nta. Hapo ndipo njia mbili zilipoachana. Magonjwa ya damu yaliweza kutambuliwa kijijini. Magonjwa ya nyama, yaani saratani, makovu ya ini, uharibifu wa figo, yakawa mali ya miji yenye mashine na kemikali. Wala tusisahau kwamba hata ule utambuzi wa kijijini haukuwa mikononi mwa wanakijiji. Waafrika walibeba masanduku na kutoa majimaji yao. Walichokuja kukipata kutokana na hadubini kilikuwa amri ya kuhama mwambao na kambi za kutengwa. Waliochungulia kwenye lenzi waliondoka na daftari zao.

Mfano unaonieleza vizuri zaidi jinsi safari ya tishu inavyobadilisha jibu lenyewe ni kwashakoo, ule utapiamlo mkali wa watoto. Madaktari Hugh Trowell, Jack Davies na Rex Dean walitoa mwaka 1954 kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo kutokana na kazi yao ya Kampala. Alama yake moja kuu ni ini lililojaa mafuta. Sasa fikiria kile kipande cha ini kinapopita kwenye alkoholi na zailini kabla ya kufika kwenye nta: kemikali hizo huyeyusha mafuta. Kinachoonekana mwishoni kwenye hadubini ni matundu meupe ndani ya seli, mahali mafuta yalipokuwa. Mtaalamu hujifunza kuyasoma matundu hayo, na huyasoma vyema. Anaweza pia kugandisha tishu kwa baridi kali na kuikata bila nta, ikiwa ana mashine hiyo na umeme wa kuiendesha. Hata hivyo jambo linabaki palepale: mbinu iliyotuwezesha kuiona nyama ilikuwa ikiosha na kumwaga kile kilichokuwa kiini cha ugonjwa. Hilo halikuwa swali la vitabuni tu kwa watu wa Kivu. Lwiro, katika Kabare, kilomita 40 na kitu kaskazini ya Bukavu, taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947 ilifanya utapiamlo wa watoto wa eneo hilo kuwa moja ya kazi zake kubwa, kama watafiti walivyofanya rovu kuwa kazi kule Idjwi, na hospitali ya watoto ya Lwiro imeendelea kutibu utapiamlo mpaka miaka yetu.

Miaka michache baadaye safari ya tishu ilizaa ugunduzi mkubwa, na haki inanitaka niueleze, maana ndio hoja nzito ya wale watakaonipinga. Mwaka 1957 Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote katika hospitali ya Mulago, Kampala. Burkitt aliandika juu ya uvimbe huo mwaka 1958, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari, maili kama 10,000, kutafuta ulikoishia upande wa kusini. Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alimsikia akiueleza uvimbe huo London na kushuku kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na kwa muda mrefu havikuonyesha kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu uliifunika London, ndege ikatua Manchester, na sampuli ilipofika imechelewa, maji yake yalikuwa yameshaingia ukungu wa aina yake: yalikuwa meupe, kana kwamba yameoza. Epstein hakuyatupa. Aliyaweka chini ya hadubini ya kawaida akaona seli za saratani zikielea, hai. Yeye na mwenzake Yvonne Barr wakazikuza, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kwa hiyo ni kweli, safari ya tishu ilileta faida kwa dunia nzima. Ila itazame vizuri faida hiyo. Ilitokea kwa sababu seli hazikuuawa kwa fomalini, na kwa sababu mtu alizitazama mbichi, kama zilivyo. Bahati ya Epstein ilikuwa ni tishu hai iliyolifikia jicho lenye subira. Tishu hai ilikuwepo Mulago kila juma.

Siku tano baada ya sampuli ile kufika London, huko Stockholm mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alipokea Nishani ya Nobel kwa kazi yake juu ya kiini cha atomu. Nishani hiyo haikuhusu tasnifu aliyoiandika Göttingen kati ya 1930 na 1931 chini ya Max Born, ambamo alionyesha kwa hesabu kwamba molekuli yaweza kupokea fotoni mbili kwa mara moja. Kila fotoni ina nusu tu ya nguvu inayohitajika, kama gunia la kahawa ambalo mpakizi mmoja hawezi kulitia kwenye lori, ila wawili wakilishika kwa pamoja linapanda. Sharti ni kwamba washike wakati mmoja. Katika mwanga wa kawaida jambo hilo ni adimu kupita kiasi, na hesabu yake ilingoja leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Mwaka 1961 wanafizikia Kaiser na Garrett waliithibitisha. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Peter Franken na wenzake walipitisha leza nyekundu ndani ya jiwe la kwatsi na kupata alama hafifu ya mwanga wenye mawimbi nusu ya urefu wa yale ya awali. Picha ya alama hiyo ilipopelekwa jaridani, iliondolewa kabla ya kuchapwa kwa kudhaniwa ni uchafu, na ukurasa ukatoka na mshale unaoelekeza mahali patupu. Kisa hicho huchekesha wanafizikia, ila mimi nakiona kuwa ushahidi: picha peke yake haitoshi kama anayeipokea hakuwa mahali ilipopigwa.

Kanuni yenyewe ni hii. Katika mwanga wa kila siku, ukizidisha mwanga mara mbili, mng'aro wa kitu nao huongezeka mara mbili. Katika tukio la fotoni mbili, ukizidisha mwanga mara mbili mng'aro huongezeka mara nne. Maana yake ni kwamba tukio hutokea pale tu mwanga uliposongamana kuliko kote, yaani kwenye ncha ya kitovu cha lenzi. Juu na chini yake hakuna kinachong'aa. Mwaka 1990 Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb wa Chuo Kikuu cha Cornell waliijenga hadubini juu ya kanuni hiyo, wakitumia leza ya mapigo mafupi yasiyofikirika, yanayodumu sehemu za bilioni ya milioni ya sekunde, ili fotoni zisongamane bila kuichoma tishu. Mwanga unaotumika kwa kawaida ni wa infraredi ya karibu, ambao nyama huutawanya kidogo kuliko mwanga wa buluu. Kwa hiyo kisu kinakosa kazi. Hadubini huchagua yenyewe tabaka la kutazama, hata nusu milimita au zaidi ndani ya ubongo ulio hai, na tabaka za juu hubaki bila kuguswa.

Rangi nazo zimeanza kukosa kazi. Mwaka 1986 Isaac Freund na wenzake walionyesha kwenye kano za mkia wa panya kwamba nyuzi za kolajeni, zile zinazojenga kovu, hugeuza zenyewe mwanga wa leza kuwa mwanga wenye nusu ya urefu wa wimbi, bila kupakwa chochote. Mwaka 1999 Andreas Zumbusch, Gary Holtom na Sunney Xie walionyesha njia ya kuona molekuli kwa mtikisiko wa viunganishi vyake, na kitu kinachojitokeza kwa nguvu zaidi katika njia hiyo ni mafuta. Mafuta yaleyale ambayo zailini iliyaosha kutoka kwenye ini la kwashakoo yanaonekana hapa mahali yalipo, ndani ya seli mbichi. Na mwaka 2008 kundi la Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, liliripoti kwamba chembe nyeusi ambazo kimelea cha malaria huziacha baada ya kula damu hung'aa waziwazi kwa kuzidisha mara tatu kasi ya mtikisiko wa mwanga wa leza.

Malaria inatuleta kwenye sehemu ya historia hii ambayo ingepasa ijulikane kwa kila mwanafunzi wa biolojia Bukavu. Mwaka 1948, Katanga, Ignace Vincke na Marcel Lips walipata ndani ya panya wa msituni kimelea kipya cha malaria wakakiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya Louis van den Berghe, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa IRSAC ya Lwiro. Aina yake inayotumika zaidi leo, ANKA, ilichukuliwa Kasapa karibu na Lubumbashi katika miaka ya 1960, na jina lake limeunga Antwerpen na Kasapa. Kimelea hiki cha Kongo ndicho kilichowekwa chini ya hadubini za fotoni mbili Ulaya na Marekani, ndani ya ubongo wa panya aliye hai. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza kwa njia hiyo jinsi seli za kinga zinavyokusanyika kwenye kuta za mishipa ya ubongo, na jinsi uvimbe unavyolibana shina la ubongo hadi mnyama akafa. Mwaka mmoja kabla, huko Blantyre, Malawi, picha za mashine ya sumaku zilikuwa zimeonyesha kwa watoto kwamba ubongo uliovimba sana ndio uliotangulia kifo. Mambo hayo mawili yanashikana. Mtoto anayezimia kwa malaria Kalehe anahusika nayo moja kwa moja. Lakini kimelea kilitoka Kongo, jina lake lilitoka Lwiro, na kuona kukafanyika kwingine.

Kwa haya yote kuna pingamizi, na la kwanza ni zito. Watu wa Minova wanahitaji maji safi. Kipindupindu ni mkazi wa mwambao huu. Julai 1994 kiliingia kwenye kambi za wakimbizi za Goma, na ndani ya mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa humo, wengi kwa kuhara. Anayeleta habari za leza mahali kama hapo anaonekana hana huruma. Nakubali kwamba senti ya maji isiguswe. Nakubali pia kwamba malaria ya kawaida haihitaji leza. Kipimo cha haraka na tone la damu vinatosha. Lakini saratani ya taya haitibiwi kwa maji safi, na mama mwenye uvimbe hapaswi kungoja hadi kipindupindu kiishe duniani. Isitoshe, sikusudii mashine hiyo iwekwe Minova. Mahali pake ni Bukavu au Lwiro, penye chuo, mafundi na umeme wa Ruzizi hata ukikatikakatika. Safari haitakwisha, itafupika: kipande kikishatoka ziwani au barabarani, kitazamwe siku hiyohiyo bila kupitia nta, maana hadubini hii hutazama tishu mbichi na hata iliyolowekwa fomalini, na kitakachosafiri kwenda kuomba maoni ya pili ng'ambo kiwe picha.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanapatholojia wenyewe, na mimi nalipenda kuliko mengine. Kipande cha nta hudumu. Mwaka 2008 wanasayansi walitoa kirusi cha UKIMWI kutoka kwenye tezi ya mwanamke wa Kinshasa iliyohifadhiwa ndani ya nta tangu 1960, na kwa kulinganisha na damu ya 1959 wakaonyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa umeanza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20. Bila kumbukumbu ile ya Chuo Kikuu cha Kinshasa tusingejua. Je, leza haitatunyima hazina kama hizo? Jibu ni kwamba leza haiharibu kipande. Baada ya kupigwa picha, kilekile kinaweza kuingia kwenye nta na kuwekwa kabatini. Kinachobadilika ni kwamba mgonjwa hatangoja kabati. Na kabati liwe hapahapa, si Ulaya.

Linabaki suala la fedha na la akili ya kusoma. Hadubini ya Cornell ilihitaji meza nzito na leza ya kubembelezwa na mtaalamu. Leza za nyuzi za kioo za siku hizi huwekwa kwenye kitoroli na kusukumwa hadi chumba cha upasuaji. Mwaka 2020 jaribio la hospitali tatu za Marekani, kwa wagonjwa 278, lilionyesha kompyuta ikizisoma picha za namna hiyo za uvimbe wa ubongo chini ya sekunde 150, kwa usahihi uliolingana na wa madaktari waliotumia njia ya kawaida. Bei bado ni kubwa, na sitaki kuipunguza kwa maneno. Kompyuta ile nayo ilifunzwa kwa bongo za Wamarekani. Haijui taya la mtoto wa Kalehe wala ini la mtoto wa Lwiro. Ndiyo maana naona kosa kungoja mashine ishuke bei kisha iletwe imeshajua kila kitu. Tanzania imeonyesha njia nyingine: hadubini ya OpenFlexure, inayochapwa kwa plastiki, imetengenezwa Dar es Salaam na kujaribiwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara katika kutafuta malaria, na waliofanya kazi hiyo wanajua kuifungua na kuifunga tena. Cape Town kuna kituo kinachowapa watafiti wa bara zima nafasi ya kutumia hadubini za kisasa bila kulipa. Fundi wa Lwiro anayepelekwa kwenye kituo kama hicho leo, kisha akarudi na kuanza kukusanya picha za tishu za Kivu pamoja na usomaji wa wanapatholojia wa Kongo, atakuwa na kitu ambacho hakuna mtengenezaji wa mashine aliye nacho. Siku leza itakapofika Bukavu, yeye ndiye ataamua iangalie nini kwanza, na mtengenezaji ndiye atakayemwomba picha.